Mkalimani na Ngazi za Leningrad

Mkalimani aliujua mji wake kwa ngazi. Wengine wakikusimulia Leningrad watakwambia habari za theluji, mito na majumba ya wafalme. Yeye alianza na mlango wa kuingilia, akahesabu vidato, akakuonyesha kwa mkono mahali ambapo taa ilikuwa imeungua, halafu akakwambia nani alianguka hapo. Akimaliza nyumba moja alivuka mtaa kwenda nyingine. Baada ya nusu saa ulikuwa umetembezwa mji mzima, na ulikuwa umepita kwenye vifo tu.

Mimi nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa nne kule Dubai, mtaa wa Discovery Gardens, zamu ya mchana. Nilitoka Kitale nikiwa na miaka ishirini na sita, mapema katika miaka ya elfu mbili na kumi. Kila alfajiri basi la kampuni lilituchukua kambini Muhaisnah, tulikolala wanawake wanane chumba kimoja, likatushusha kila mmoja kwenye mlango wake. Pasipoti yangu ilikuwa ndani ya kabati la chuma kwenye ofisi ya kampuni, pamoja na za wenzangu wote. Mkalimani alikaa chini, mlango wa pili kutoka mezani kwangu, chumba alichogawana na wahasibu wawili wa Kihindi. Alikuwa Mzanzibari aliyesomea Leningrad ujanani, mtu wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, na kila asubuhi alikwenda Oud Metha kwenye kliniki moja kuwatafsiria wagonjwa wa Kirusi maneno ya daktari. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yangu ya wapangaji. Sikuwahi kulitumia, na hapa pia sitalitumia.

Kwa kazi yake alikuwa mkali kuliko madaktari wenyewe. Hakupunguza neno wala hakuongeza. Daktari akisema uvimbe umeenea, yeye alisema umeenea, kwa sauti ile ile, kisha akatoka nje ya chumba akasimama peke yake kwenye korido. Neno moja tu alilikataa. Daktari akiulizwa kama mgonjwa atapona na akajibu inshallah, Mkalimani aliliacha hivyo hivyo, bila Kirusi chake. Aliniambia kwamba katika miaka yote hiyo hajajua bado linamaanisha ndiyo au hapana, na mtu asiyejua maana hana haki ya kutafsiri.

Alivaa koti la sufu mwaka mzima, hata Agosti, kwa sababu ya baridi ya eyasi, vile viyoyozi vya kliniki. Alikunywa chai ya rangi kwenye glasi, na kijiko cha jemu kando. Aliswali kwa wakati, na akijigonga kidole alitukana kwa Kirusi kwa dakika nzima. Alikuwa na daftari la shule, la mistari, ambalo halikuwa na maandishi mengi. Lilijaa michoro ya ngazi: ngazi za kuzunguka, ngazi za mbele, ngazi za nyuma za wapishi na wafua nguo, kila moja na alama ndogo ya msalaba.

Kwa daftari hilo alinifundisha historia ya Urusi mimi niliyeacha shule kidato cha nne. Alianza na mfalme aliyerushiwa bomu kando ya mfereji. Bomu la kwanza halikumpata, liliwapata watu wa msafara wake. Angeweza kuondoka, lakini aliteremka garini kuwatazama walioumia, na bomu la pili likamkuta amesimama. Pale alipoanguka walijenga kanisa, na watalii wanalipiga picha mpaka leo. Kisha miaka ikapita, wafalme wakaondoka, wakaja wakubwa wa chama. Mkubwa wa chama wa mji ule akapigwa risasi ya kisogo kwenye korido ya ofisi yake. Baada ya hapo mji ulifagiliwa. Watu walichukuliwa majumbani, familia kwa familia, wakapelekwa mbali, na waliobaki walijifunza kunong'ona ndani ya vyumba vyao wenyewe. Halafu chama nacho kikaondoka, na mwanamke mmoja mbunge, mtu wa kusema wazi, akauawa kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa anakaa.

Kwa Mkalimani hao wakubwa walikuwa mlango tu wa kuingilia. Hakuwapenda sana wala hakuwachukia. Yeye alimtafuta mtu mdogo aliyekuwa karibu. Mkubwa wa chama alikuwa na mlinzi, na siku ile mlinzi yule alikuwa amebaki nyuma hatua kadhaa. Kesho yake, akipelekwa kuhojiwa, alikufa kwenye ajali ya lori.

"Hatua ngapi alibaki nyuma, na kwa nini?" aliniuliza Mkalimani, kana kwamba nilikuwepo. "Wameandika vitabu kabati zima juu ya bwana mkubwa. Mie namtaka yule wa nyuma. Historia ya mji, mwanangu, anayo mtu wa mlangoni, na huyo hakuna anayemuuliza akiwa hai."

Mtu wa mlangoni nilikuwa mimi. Nadhani ndiyo sababu alinisimulia.

Hakuniacha na hadithi tu. Mwezi wangu wa pili pale, mfagiaji wa jengo, Mganda mmoja mpole kutoka Masaka, alikuja mezani na bahasha akaniuliza Mkalimani anakaa chumba kipi. Nilimwonyesha kwa kidole bila hata kuinua kichwa. Mkalimani akatokea nyuma ya nguzo. Kumbe yeye ndiye aliyemtuma. Hakunifokea. Aliniambia kwamba nimemuua, akaingia chumbani kwake, na kwa siku tatu alipita mbele yangu bila salamu. Siku ya nne alinifundisha jibu: acha mzigo hapa, atauchukua mwenyewe. Alinitaka niliseme mara kumi, kwa uso ule ule, mpaka likatoka lenyewe.

Niliona ni mzee aliyechanganyikiwa kidogo na vitabu. Lakini mwaka mmoja au miwili kabla sijafika, mtu wa upande wa kule, wa Urusi, alikuwa ameuawa hapa hapa Dubai, kwenye maegesho ya magari ya jengo la kukaa watu. Mkalimani alikuwa ameyasoma magazeti yote ya siku zile akitafuta neno moja juu ya aliyekuwa zamu. Hakulipata.

Jambo moja kwake lilinikera. Sisi wote wa jengo lile, walinzi, wafagiaji, watu wa bustani, tulikuwa tumefungiwa pasipoti. Tulihesabu miezi. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama na hakupewa ruhusa mpaka mazishi yakapita. Mkalimani pasipoti yake ilikuwa mfukoni mwa koti, upande wa moyo, hai, kwa sababu mwenye kliniki alikuwa arbabu muungwana, bosi asiyefungia hati za watu. Dada yake alimpigia kila Ijumaa kutoka Unguja akimbembeleza aje, chumba kipo, watoto wanamuuliza. Na Unguja ni safari ya saa chache tu kwa ndege. Miaka thelathini na zaidi hakuwa amekanyaga. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hali ya hewa haimfai. Mtu anayevaa koti la sufu Agosti.

Kisha akaja madam wa ghorofa ya tatu. Alikuwa Mrusi wa miaka hamsini hivi, anatembea na fimbo, mgonjwa wa figo. Mkalimani ndiye aliyemtafutia nyumba baada ya kujuana naye kliniki. Madam alikuwa mwandishi wa gazeti katika mji ule ule, akaandika mambo ya watu wasiotaka kuandikwa, akaondoka na sanduku moja. Jioni, kabla basi langu halijaja, walikaa kwenye viti vya mapokezi na daftari katikati yao, wakibishana. Mkalimani alitaja mtaa, madam akasahihisha namba ya nyumba. Madam alitaka kujua nani alitoa amri. Mkalimani alitaka kujua nani alifungua mlango. Aliponitafsiria mabishano yale alicheka, na ni katika siku zile tu niliwahi kumwona akicheka hadi meno yakaonekana.

Siku mpinzani mmoja mkubwa alipopigwa risasi darajani kule Moscow, madam aliteremka na ndara, bila fimbo, akishika ukuta. Mkalimani alimsomea habari kutoka kwenye simu. Hakuna aliyebisha kitu. Mwishowe madam aliniambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba alidhani ameondoka mji ule, lakini mji umekuwa mrefu, unafika popote. Toka hapo hakutoka tena nje ila kwenda kliniki. Mapazia yake hayakufunguliwa. Mganda alimpelekea mkate na maziwa, akaviacha mlangoni.

Haikupita miezi mingi Mkalimani akarudi kutoka kazini saa nne asubuhi, kwa teksi, akitoka jasho ndani ya koti lake. Alinieleza kwa maneno machache. Mwanamume mmoja amefika kliniki akimtafuta madam, anasema ni binamu yake. Arbabu, kwa nia njema, amemwita Mkalimani amsaidie mgeni. Yeye amesema hajui mgonjwa yule anakaa wapi. Lakini dereva wa kliniki, aliyemleta madam nyumbani mara nyingi, alikuwa amesimama pale pale anasikia.

"Atakuja hapa," akasema. "Mie nampeleka chini. Weye baki na uso wako."

Alimfuata madam juu, wakashuka na lifti mpaka kwenye maegesho ya chini, wakajifungia ndani ya chumba cha mapipa ya taka. Mimi nikabaki mezani.

Mgeni alifika baada ya dakika arobaini. Sikumwogopa, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Alikuwa mtu wa kawaida, shati jeupe, sauti ya chini. Aliniita sister. Alinionyesha picha yake na madam, wamekaa kwenye meza yenye vyakula, madam bado mnene na mwenye afya, wote wawili wanacheka. Akasema hataki namba ya nyumba, anajua kanuni zetu. Anataka nimwambie tu kama yupo, ili roho ya mama yake itulie.

Nilimwambia alihama wiki iliyopita. Lile jibu la mzigo halikufaa pale, basi nikatunga langu. Akaitazama lifti, akaitazama orodha ya wapangaji iliyokuwa chini ya kiwiko changu, akanitazama mimi. Akanishukuru. Alikaa ndani ya gari lake ng'ambo ya barabara mpaka saa nane, akaondoka. Saa tisa gari la dobi lilipokuja kuchukua mashuka, Mganda alizungumza na dereva, na madam akatoka akiwa amekaa katikati ya mafurushi. Alikwenda kwa rafiki yake, na kutoka kwa huyo sijui wapi. Hatukupata habari zake tena, za heri wala za shari.

Mkalimani alikuja kukaa karibu na meza yangu. Koti lilinuka taka. Nilikuwa bado naiona ile picha ya watu wanaocheka, nikamuuliza: na kama kweli alikuwa binamu yake?

"Huenda alikuwa," akasema. "Wallahi huenda tumemnyima mtu ndugu yake. Ndiyo kazi ilivyo ngumu."

Nikamwambia kwamba yeye anaishi kwa hofu za watu waliokufa zamani. Hapo akanieleza, akitazama mlango wa kioo na si mimi.

Huko Leningrad, akiwa mwanafunzi, alikaa bweni chumba kimoja na kijana wa Unguja, wa mtaa wao, aliyesoma naye toka chuo cha Kurani. Kijana yule alikuwa na mdomo. Aliandika barua nyumbani akiwasema wakubwa wa wakati ule, na barua zilifunguliwa. Asubuhi moja mtu alimsimamisha Mkalimani kwenye korido ya chuo. Alikuwa mtu wa nyumbani, wa lugha yetu, mwenye adabu. Akamuuliza, mwenzako anarudi bwenini saa ngapi?

"Nikamwambia saa tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilimwogopa, na saa tisa kila mtu alikuwa akiijua. Hilo ningeweza kuishi nalo. Lakini nikaongeza. Nikamwambia hapiti mbele, hupanda ngazi za nyuma, za jikoni. Hakuniuliza ngazi, mwanangu. Ngazi nilimpa mwenyewe."

Rafiki yake alichukuliwa kwenye ngazi zile, akarudishwa nyumbani kwa ndege. Uwanjani alipokelewa na watu, na kwao hakufika. Mkalimani aliporudi likizo, mama wa kijana yule alimwita, akampikia wali na pweza, akamuuliza mwenzake alimwona mwisho lini. Alijibu darasani. Kila likizo alialikwa, kila likizo alikula na kujibu vile vile. Alipomaliza masomo alikaa Unguja miezi michache, akatafuta kazi popote penye Kirusi nje ya nchi. Alizunguka bandari mbili tatu, akaishia Dubai. Mama yule alikufa, na bado hakuweza kwenda, kwa sababu njia ya kwao inapita mbele ya nyumba ile.

 Basi langu lilikuja, nikapanda.

Mgeni yule alilalamika. Sijui alijuaje, lakini meneja wa jengo alipigiwa simu kwamba mlinzi wake ametoa habari za uongo kwa jamaa wa mpangaji. Khalas, yamekwisha. Kampuni haikunifukuza, ilinihamisha. Walinipeleka Muhaisnah, kulinda geti la kambi ile ile niliyokuwa nalala. Asubuhi nilitoka chumbani nikatembea hatua mia mbili mpaka kwenye kibanda, jioni nikarudi hatua mia mbili. Wanaume walipakiwa kwenye mabasi kwenda kwenye majengo, wakarudi na vumbi, na mimi niliandika namba za mabasi. Kwa miaka miwili na nusu niliona mji siku za mapumziko tu, nilipokuwa na nguvu ya kuufuata. Mkalimani alinipigia simu mara moja kwa mwezi. Hakuomba radhi, mimi pia sikudai. Aliniuliza tu geti lina bawaba upande gani, kama ninaketi jua likiwa mbele au nyuma, na akanisikiliza kwa makini nikimjibu.

Mara ya mwisho nilimwona nikiwa nimemaliza mkataba. Nilipewa pasipoti yangu na siku tatu za kuondoka. Nilikwenda Oud Metha kumuaga, nikamkuta nje ya kliniki amekonda, koti limekuwa kubwa. Aliniomba nimsindikize mahali. Mdogo wa kike wa yule rafiki yake alikuwa Dubai, kwa mwanawe, Al Qusais. Alikuwa pale miaka sita. Miaka yote sita Mkalimani alijua, na hakukanyaga mtaa ule. Nilimuuliza kwa nini leo. Alisema kwamba kesho kutwa nitakuwa sipo, na peke yake hawezi kubonyeza kengele.

Nilibonyeza mimi. Alifungua mama wa makamo, mwenye kanga na miwani. Alimtambua papo hapo, nililiona hilo usoni. Akatukaribisha, akatuketisha, akaulizia afya yake, akaniuliza mimi mtu wa wapi. Mkalimani alikaa kwenye ncha ya kochi. Alianza mara mbili na mara mbili akakohoa. Basi yule mama akavua miwani, akamsaidia.

"Tunajua," akasema. "Yule aliyekuuliza alikuja kujigamba barazani mwaka ule ule. Mama alijua kabla weye hujarudi."

Mkalimani alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa lugha asiyoisikia.

"Alinipikia," akasema.

"Alikupikia ili useme. Kila ukija alitwambia, mwacheni ale, akishiba atasema. Amekufa anakusubiri."

Hakulia. Nilidhani atainuka twende, na mimi nilitaka sana twende. Lakini yule mama alisema kwamba kwa kuwa amekuja kwa miguu yake, na aseme, hata kama hakuna jipya, maana katika nyumba yao hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kwake. Na Mkalimani akasema. Alisema yote, polepole, hakupunguza neno wala hakuongeza, kama alivyosema kliniki. Korido, mtu mwenye adabu, saa tisa. Kisha akasema ngazi za nyuma, na kwamba hakuulizwa.

Yule mama alivaa tena miwani yake.

"La ngazi hatukulijua," akasema.

Akainuka, akaingia jikoni, akasukuma mlango nyuma yake. Tulisikia maji yakifunguliwa, kisha yakafungwa, kisha hatukusikia kitu. Mkalimani aliweka mikono juu ya magoti. Mimi nilishika mkoba wangu. Hatukujua kama tumepewa ruhusa ya kuondoka, basi tukakaa.